Feni ya Shehe na Kiapo cha Usta Rushdi

Usta Rushdi, fundi umeme wa magari pale mtaa wa mafundi mjini Zagazig, alikuwa akiapa kwa talaka kama watu wengine wanavyopiga chafya. Mteja akibisha bei ya tepu: "Talaka juu yangu, hata faida sipati!" Rafiki akikataa chai: "Talaka tatu, utakunywa!" Na rafiki anakunywa, maana nani anataka kuvunja ndoa ya mtu kwa glasi ya chai? Wanaume wa mtaa ule wote wana ulimi huo, ila Rushdi aliwapita. Mkewe, Inshirah, alikuwa ametiwa rehani miaka ishirini na sita kwa ajili ya matikiti maji, mpira na nauli za basi, na alikuwa amechoka, amechoka hasa.

Kiapo cha mwisho nyumbani kilikuwa cha kiangazi cha mwaka jana. Kanzu mpya ya mawaridi ya Inshirah ilipotea, Rushdi akaapa kwa talaka kwamba hajaiona wala haijui rangi. Inshirah alikuwa anachambua majani ya mlukhia, mboga ya jioni. Hakupandisha sauti.

"Kimoja tena, baba Shahinda, nakwenda zangu kwa dada yangu kule Bilbeis. Sitapiga kelele. Utakuta sufuria tupu."

Tangu hapo Rushdi aliuchunga ulimi wake nyumbani. Lakini gereji ni gereji.

Sasa, Jumatano moja ya Agosti, asubuhi, gari la Shehe Mitwali lilisikika kabla halijaonekana. Shehe ndiye anayefungisha ndoa na kuandika talaka za mtaa mzima, na gari lake kuukuu lilikuwa linanguruma vuuuu, sauti moja, haipandi wala haishuki.

"Nisaidie, Usta," alisema akishuka. "Feni haizimiki! Jana nafungisha ndoa uani kwa watu, gari liko nje linanguruma, maana nikilizima haliwaki tena, betri imenyonywa yote. Namuuliza binti, umekubali? Anasema, nini? Namuuliza tena. Nini? Mama wa bwana harusi akaangua kilio, akidhani mwanawe amekataliwa!"

"Injini ina joto?"

"Joto la wapi? Nimetoka nalo hapo kwenye kona."

Rushdi akafungua boneti, akaweka kiganja kwenye rejeta. Baridi kabisa. Akacheka. "Hii feni inampoza nani sasa?"

Tuseme ukweli, mtu yule alikuwa na mdomo mchafu lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alichomoa rilei, kile kiboksi cheusi kinachoipelekea feni umeme. Feni ikanyamaza. Akachomoa ya honi, inayofanana nayo, akaitia pale. Vuuuu! Basi rilei haina kosa, kuna anayeiamrisha. Akazima kiyoyozi, akachomoa na waya wake. Vuuuu vilevile. Akachungulia dashibodi: mshale wa joto umelala chini kama umefiwa.

"Kompyuta ya gari ndiyo inayoamrisha," alitangaza. "Na haiamrishi hivi ila ikiwa haioni joto la maji. Ikipofuka, inaogopa injini isije ikaungua, inafungulia feni mpaka mwisho. Bora baridi kuliko moto. Kwa hiyo hapa ni sensa, kile kidude kinachoipimia joto la maji. Na nani aliyeshika sensa hii mara ya mwisho, shehe?"

"Usta Hilmi, aliponibadilishia rejeta mwezi uliopita."

Lo! Hapo Rushdi alifurahi waziwazi. Hilmi ni makanika, gereji yake iko ng'ambo ya barabara, na makanika na fundi umeme hawajapatana tangu gari la kwanza lilipoharibika.

"Hilmi! We Hilmi! Njoo uone ulivyomfanyia mtu wa Mungu!"

Hilmi akaja, mkononi mkate wa ful, yale maharage ya kupondwa, na kipande cha kitunguu cha siki. "Nimefanya nini tena?"

"Umetoa sensa nzima, umeuza, ukaweka takataka!"

"Sensa sikuigusa, babu wee. Nilichomoa waya, nikarudisha waya. Wewe ukishindwa kazi lazima uniite mimi?"

"Mimi nishindwe? Mimi?" Rushdi alikuwa amepandwa na hasira, na feni ilikuwa inamzidi sauti, basi akapaza koo lake lote. "Talaka! Talaka tatu! Kama si mkono wa Hilmi ulioharibu hapa, mke wangu haramu kwangu!"

Hilmi aliacha kutafuna. Alikuwa anatazama nyuma ya Rushdi. Rushdi akageuka, akamwona Inshirah amesimama na kopo la chakula cha mchana ambalo mumewe alilisahau nyumbani.

Akaliweka kopo juu ya benchi, taratibu. "Shehe, umesikia?"

"Nimesikia, mama Shahinda, ila kisheria mtu akiapa kwa hasira bila nia ya..."

"Sikuulizi sheria. Naomba kiti." Akaletewa, akaketi, mkoba magotini. "Basi la Bilbeis linapita saa sita. Nangoja nijue kama nimeachwa au sijaachwa. Haya, fundi, tengeneza."

Rushdi alirudisha kichwa ndani ya boneti, na mara ile jasho lililomtoka halikuwa la Agosti. Aliiona nyumba bila Inshirah: hajui hata sukari inakaa wapi. Lakini si sukari, jamani. Nani atamcheka anapojigamba? Nani atamwambia, keti, ule, acha upuuzi? Alimpenda mwanamke yule. Hilo tu ndilo ambalo hakuwahi kuliapia.

Akaifungua sensa, maji yakammwagikia viatu. Akaunga mita ya umeme kwenye pini za sensa, akaitumbukiza sensa kwenye glasi ya chai ya moto. Namba zikashuka, zikashuka, kama inavyotakiwa kwenye joto. Akaitoa, akaipuliza. Zikapanda. Wote wanne waliinamia ile mita, hata Inshirah alinyoosha shingo.

"Nzima?" Hilmi aliuliza.

"Nzima," alisema Rushdi.

"Tena ni ileile ya kiwandani, ona alama yake. Shehe, toa kalamu uandike talaka!" Hilmi alidakia.

"Nyamaza wewe! Bado waya."

Aliirudisha sensa mahali pake, akapima waya wake. Umeme haupiti kutoka ncha hii hadi ile, waya umekatika katikati. Akaufuata kwa vidole, chini ya betri, nyuma ya tangi la maji, mpaka akashika uvimbe. Kiungio. Mtu aliunga waya pale na kuufunga kwa kitambaa badala ya tepu. Kitambaa kimenyonya maji, shaba imeota kutu ya kijani. Rushdi alikisugua kwa kidole gumba, uchafu ukatoka, likatokea waridi jekundu.

Akakumbuka yote. Ijumaa ile ya kiangazi: panya amekata waya, shehe anachelewa harusini, tepu imekwisha, na Rushdi amepanda ghorofani kwake akavuta kitambaa cha kwanza kapuni, akakichana akidhani ni tambara. Jioni ndipo alipojua alichochana. Mabaki aliyatupa. Halafu akaapa.

Koleo lilikuwa mkononi. Shehe na Hilmi walikuwa wanaona mgongo wake tu. Akate kipande, akitie mfukoni, aunge upya, aseme spana ya Hilmi ndiyo iliyokata. Nani atajua? Kiapo kitasimama, basi la Bilbeis litapita, na leo jioni atakula mlukhia.

Akamtupia jicho Inshirah. Alikuwa hamtazami. Alikuwa anajipepea kwa kifuniko cha kopo huku ameinamia mikono yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua atakachoambiwa, kwa sababu ameambiwa hivyo miaka yote.

"Ni mimi," Rushdi alisema.

Feni ilimeza maneno. "Nini?" akauliza shehe.

Rushdi akarudia waya. Alikata kile kiungio, akakifumbata ngumini, akakwangua ncha mbili za shaba mpaka zikang'aa, akazisokota pamoja.

Feni ikazimika. Kimya kikaanguka ghafla, masikio yakawa yanawasha. Fundi wa kuchomelea jirani akainua barakoa yake. Muuza juisi ya miwa akasimamisha mashine.

"Ulisema nini?" aliuliza Inshirah.

Hapo bado angeweza kusema chochote. Hakuna aliyekuwa amesikia. Rushdi akafumbua ngumi, kitambaa cha mawaridi kikaonekana.

"Ni mimi," alisema, na safari hii mtaa mzima ulisikia. "Hilmi hana kosa. Niliufunga waya huu mimi, kwa kanzu yako, na nikakuapia sijaiona."

Inshirah alikichukua, akakigeuza. "Mwaka mzima nimemnunia dada yako, nikidhani ndiye aliyeichukua kanzu hii."

"Najua."

"Ulijua, ukanyamaza!"

"Niliogopa."

Shehe akakohoa. "Kwa yale ya leo, yenye hasira, nionavyo mimi ni kafara ya kiapo tu. Kulisha maskini kumi..."

"Niandike wa kwanza," alisema Hilmi.

"Ngojeni nyote," Inshirah alisema. Alikuwa amesimama, mkoba begani. "Rushdi, sema tena."

"Nikuapie?"

"Ukiapa naondoka. Sema tu."

Akasema tena. Kavu, bila Mungu wala talaka: ni mimi, nisamehe. Hakujali nani anaiona aibu yake. Inshirah akarudi kitini na kufungua kopo. Basi la Bilbeis lilipopita saa sita likipiga honi, alikuwa anamgawia Hilmi taamia, zile bajia za maharage, zote za mumewe, moja moja, na Rushdi alikula mkate mtupu, akashukuru.