Mashati Kumi na Moja Kabatini

Kabati lile lilifunguka lenyewe, na tena mchana kweupe. Sisemi habari za usiku mimi. Usiku kila mtu husikia yake. Kokubanza alikuwa ameketi kitandani saa nne asubuhi, jua limemfika miguuni, akaona mlango wa kushoto unasogea polepole mpaka ukasimama wazi. Akainuka, akaufunga, akaurudishia kijiti cha kuubania. Hakupiga hata kelele. Alikwisha kuzoea, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Nyumba ilikuwa Kanoni, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa. Kabati lilikuwa la mvule, kazi ya seremala wa misheni, milango miwili. Upande wa kulia Kokubanza aliweka nguo zake na makorokoro ya miaka. Upande wa kushoto yalikaa mashati tu, mapya, yaliyokunjwa vizuri, ambayo hayakupata kuvaliwa na mtu.

Lazima ujue kwamba Kokubanza alikuwa Nyinabarongo. Ndivyo tunavyomwita huku mama aliyezaa mapacha. Na mapacha wana sheria yao: ukimpa huyu, mpe na yule, kitambaa kimoja, siku moja, sawa kwa sawa. Ukimnyima mmoja, balaa umejitakia mwenyewe. Wanawe, Isingoma aliyetangulia na Kato aliyefuata, walilelewa hivyo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1943 mkungu, yaani mkuu wa kijiji, alikuja na orodha ya vijana wa kwenda vitani, na jina lililoandikwa lilikuwa Isingoma. Mwaka 1945 ikaja barua: Isingoma amefia vitani Bama, huko Asia. Akaliliwa, akasomewa misa. Lakini mama yake, ambaye alikuwa na charahani ya mkono, hakuivunja sheria. Tangu mwaka ule wa 1943, kila Krismasi alikata kitambaa kimoja akashona mashati mawili. Moja alilivaa mwana aliyebaki, la pili likaingia kabatini.

Hayo ndiyo watu wa Kanoni waliyoyajua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Asubuhi ile ya mwaka 1943 Isingoma alikuwa kitandani, homa imemshika, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mkungu hakutaka kusikia habari ya homa. Basi Kato akavaa shati la ndugu yake, akatoka mlangoni, akaitikia jina lisilo lake. "Nitarudi kabla kahawa haijaiva, mama," alisema huku anacheka. "Nani atatujua?" Kweli, hakuna aliyewajua. Aliyefia Bama ni Kato. Aliyebaki ni Isingoma, na akaitwa Kato miaka kumi na moja, kwa kuwa mama na mwana waliogopa jela. Jamani, kuidanganya serikali wakati wa vita! Isingoma aliketi kwenye matanga yake mwenyewe, akanyolewa nywele kwa msiba wake mwenyewe. Na Kato, maskini ya Mungu, hakudondoshewa hata chozi moja kwa jina lake.

Sasa ilikuwa mwaka 1954, na harusi ya mwana aliyebaki ilikuwa Jumamosi. Chumba chenye kabati kilikuwa kiwe cha maharusi. Mchumba wake wa kwanza, Renatha, aliwahi kuja na bibi yake kusalimia, akaingia chumbani kuweka mzigo, akatoka mbio amekauka midomo. Alisema mtu anapumua ndani ya kabati. Uchumba ukafa hapo hapo. Huyu wa pili aliitwa Placidia, na kijana alishafika miaka thelathini. Placidia naye akikimbia, basi, nyumba ile haitaletewa mwali tena, na Kokubanza alilijua hilo vizuri.

Ndiyo maana alimwita Adelgunda, dada ya marehemu mumewe, waje wapange kabati pamoja. Mwanamke yule alikuwa na mdomo, lakini mikono yake ilikuwa ya kazi.

"Wifi, humu unafuga nondo?" Adelgunda aliuliza hata kabla hajavua kilemba. "Gauni hili lilizaliwa kabla ya Padre. Toa. Na kofia hii yenye tundu, inamsubiri nani?"

"Ya mume wangu hiyo."

"Kaka yangu kazikwa na kichwa chake, wifi. Toa!"

Kokubanza akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Wakafanya mafungu matatu sakafuni: ya kukaa, ya kugawa, ya kufanya matambara. Upande wa kulia ukaisha. Adelgunda akachomoa kijiti cha upande wa kushoto, akaanza kuyapanga mashati kitandani, moja baada ya jingine, kama yalivyopangwa kwa miaka. Yalikuwa kumi na moja.

Hapo ndipo Kokubanza alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona, maana kila mwaka alikuwa akikunja shati moja tu na kufunga mlango. Mashati yote yalikuwa na kipimo kimoja. Mwana aliyebaki alinenepa, akapanuka mabega, na kila Krismasi mama yake aliongeza kitambaa kwenye shati lake. Haya ya kabatini hayakuongezeka hata kidole. Mabega membamba, mikono mifupi, ya kijana wa miaka kumi na tisa. Hakuwahi kuyapima. Mkasi ulikwenda wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Sheria ya sawa kwa sawa aliivunja kwa mikono yake, na hakujua.

"Mapya yote, na watu wanavaa viraka!" alisema Adelgunda. "Yaharibike bure? Kato! Ewe Kato, njoo huku!"

Kijana akaja kutoka kibanjani, viganja vyeusi kwa utomvu wa ndizi. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Vaa hili tuone."

Alipoona lile shati akarudi nyuma hatua moja. "Hapana, shangazi. Hilo siwezi."

"Huwezi nini? La marehemu ndugu yako, halina kupe! Harusi ni keshokutwa, mwanangu, usinichoshe."

Akamvika kwa nguvu, kama anavyovikwa mtoto anayekataa kwenda kanisani. Kijana alimtazama mama yake. Mkono mmoja ukaingia. Adelgunda akavuta kola kumpitishia wa pili, na kitambaa kikapasuka mgongoni, kutoka kola hadi kiunoni. Wakati ule ule mlango wa kabati, ambao hakuna aliyeugusa, ukajibamiza kwa kishindo.

"Mvue!" Kokubanza akapiga ukelele. "Mvue jamani, ni la Kato!"

Adelgunda akaganda, kola bado mkononi. "La Kato? Wifi, Kato si huyu?"

Kokubanza akaketi juu ya mashati yale. Alichoka. Alichoka kuliko siku yoyote aliyolima.

"Isingoma," akasema.

"Naam, mama," kijana akaitika, hata kabla ya kufikiri. Kisha akasikia alichokiitikia, akaketi sakafuni na mkono mmoja wa shati, akalia kwa sauti.

Wakamweleza shangazi yote. Adelgunda akautazama mlango wa kabati. Kisha akawageukia kwa hasira.

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto wa kaka yangu miaka tisa yuko nje, anagonga mumpokee, na ninyi mnambania kwa kijiti?"

"Tuliogopa, wifi."

"Mliogopa serikali. Yeye hamkumwogopa?"

Isingoma akajifuta uso. "Jumamosi Padre ataniuliza jina, shangazi. Nikisema Kato, nimemwoza Placidia kwa marehemu. Nakwenda kusema leo. Wakinifunga, na wanifunge."

Alikwenda mchana ule ule. Padre alimfokea hata koo likamkauka, kisha akafungua kitabu na kuandika upya. Harusi ikasogezwa mwezi mmoja. Mkungu wa zamani alikwisha kufa, na watu wa serikali kutoka boma hawakuja kumtafuta, si wiki ile wala baadaye. Kilichobaki ni Placidia. Alimsikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono.

"Aliyekuja kwetu na pombe ya ndizi, akajikwaa mlangoni, ni wewe au mwingine?"

"Ni mimi."

"Basi jina nitajifunza. Lakini mzikeni kwanza ndugu yako."

Wakamzika. Mashati kumi na moja, hata lile lililopasuka, yakafungwa ndani ya rubugo, gome la mti tunalowazikia watu wetu, yakalazwa kando ya kaburi la baba yake kibanjani. Isingoma akanyolewa tena, safari hii kwa msiba usio wake. Wanawake walilia, lakini Kokubanza macho yake yalikuwa makavu. Watu wakaanza kunong'ona, maana watu hawakosi la kunong'ona.

Jioni ilipokaribia akatoka akasimama mlangoni, pale alipozoea kusimama kila siku kumwita mwanawe aje kula. Akaelekea kibanjani, akaita kama kawaida yake.

"Kato!"

Isingoma, aliyekuwa kwenye mkeka kati ya waombolezaji, alifumbua kinywa kwa mazoea. Akakifumba.

"Kato! Ewe Kato!"

Miaka kumi na moja kila alipoliita jina lile, mtu aliitika. Akangoja. Akaita mara ya tatu, akangoja tena, mkono umeshika kizingiti. Hapakuwa na aliyeitika. Ndipo Nyinabarongo alipojua kwamba mwanawe amekufa, akaanza kulia.