Nyumba Waliyoichora Kutoka Kingi na Walikale

Mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya informatiki, mimi na mwenzangu wa darasa tulitengeneza programu ambayo mtu haandiki amri, anazipanga. Kila amri ilikuwa kibao cha rangi kwenye kioo cha ordinateri, yaani kompyuta: piga mstari, geuka, rudia. Ukiviunganisha vibao, picha inajichora. Tulitaka kujua kama watu wawili walio mbali wanaweza kuvipanga pamoja, kwa wakati mmoja, bila kugombana.

Wa kwanza kukubali kujaribu walikuwa mama yangu mdogo na mume wake. Mama mdogo alikuwa kijijini Kingi, akifuga ng'ombe na kuuza maziwa. Mume wake alikuwa Walikale kwa biashara, na ubovu wa barabara ulikuwa umemzuia huko tangu mvua zianze. Mimi nilikaa na mama mdogo, mwenzangu, ambaye kwao ni Walikale, akakaa na baba mdogo. Wakachagua kuchora nyumba waliyotamani kuijenga.

Tuliacha simu wazi. Haukupita muda nikamsikia baba mdogo akilalamika.

"Ukuta yangu inatembea yenyewe. Hii mashine iko mugonjwa?"

"Ni mimi njo naisukuma," mama mdogo akamjibu. "Ile chumba iko kadogo sana. Batoto batalala wapi?"

Jambo hilo tulikuwa tumelitarajia. Tuliweka kufuli: ukikifunga kibao, mwingine hawezi kukigusa. Baba mdogo alipoonyeshwa, akavifunga vyote. Mama mdogo akabofya, akabofya tena, kisha akanisogezea ordinateri na kusimama.

"Kama ni nyumba yake peke yake, miye niko nafanya nini hapa?"

Akaenda kukamua.

Juma lililofuata tuliliondoa kufuli. Mahali pake tukaweka alama ya mkono, kila mtu na rangi yake, ili aone mwenzake anagusa wapi. Mama mdogo alipoukaribia mlango, mkono wa bluu wa mume wake ulikuwa tayari pale. Ukasita, kisha ukarudi nyuma.

"Ananipisha," akasema polepole, akitabasamu.

Mara rezo, ule mtandao wa simu, ikakatika. Kila mmoja akaendelea upande wake, na iliporudi, nyumba ilikuwa na milango miwili. Mwenzangu akauliza afute upi.

"Usifute kitu, dada," mama mdogo akamwambia. "Ule wake ni wa wageni. Wangu ni wa jikoni."

"Ni vile," baba mdogo akakubali. "Sasa tutafute fasi ya dirisha."

Siku ya kuitetea kazi yetu, walimu walituuliza sana kwa nini tulitupa kufuli lililokuwa likifanya kazi vizuri. Niliwaeleza kwamba lilizuia ugomvi, lakini lilizuia na mazungumzo pia. Waliandika, wakatupitisha. Sasa mwalimu mmoja wa Bihambwe, karibu na Kingi, ameomba darasa lake lichore pamoja na darasa la Walikale, nasi tunajiuliza skrini itakuwaje ikiwa na mikono mingi hivyo.