Farasi Muuze, Kamba Usiiuze

Juzi, kwenye dirisha la ofisi moja hapa Durban, karani aliniuliza kama sina jina fupi zaidi. Nikacheka, ndugu yangu, maana papo hapo nilimsikia bibi akitwanga sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu.

Tulikaa ghorofani Queensburgh. Bibi alitwanga kila Jumamosi, na jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio. Bibi akazidi kutwanga. Siku za kazi alifua nguo kwa mama mmoja Mturuki huko Westville, na huko ndiko alikoiokota hadithi aliyonisimulia akitwanga.

Kijana mmoja alisomea uchawi. Akajigeuza farasi, akamwambia baba yake: niuze sokoni, lakini kamba yangu rudi nayo, ndiyo itakayonirudisha. Mzee kwa tamaa akauza vyote. Kumbe mnunuzi alikuwa yule mchawi aliyemfundisha! Kijana alipoponyoka akawa njiwa, mchawi akawa mwewe. Kijana akawa komamanga, likapasuka mbele ya mfalme, na mchawi akawa kuku, akadonoa mbegu zote isipokuwa moja iliyojificha chini ya kiatu cha mfalme. Hiyo ikageuka mbweha, ikamdaka kuku shingoni. Hapo bibi alishusha mchi kwa nguvu zote, na ufagio nao ukajibu kutoka chini.

Mimi nilikuwa na dhiki yangu. Shuleni walilicheka jina langu, Nzigire, ambalo ni la bibi. Mwalimu, kwa huruma yake, akamwita bibi ili niandikwe Grace. Nilitamani hivyo kuliko nguo mpya. Na sisi watoto wa wakimbizi ndio tuliokuwa wakalimani wa wakubwa wetu.

"Mwambie," bibi akasema, "jina yake ye mwalimu iko murefu, na mimi nilijifunzaka. Na ye ajifunze ya kwetu."

Nikamgeukia mwalimu, nikamwambia bibi amekubali.

Mwalimu akaandika. Bibi akaitazama karatasi, akachukua kalamu bila kuomba, akakata lile jina, akaandika letu kwa herufi kubwa mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaniangalia.

"Umeuzisha na kamba."

Nililia njia nzima kwa aibu.

Bibi hayupo tena. Mchi ulipotea tulipohama, na siku hizi sombe tunanunua imeshasagwa. Namkosa sana.

Karani alikuwa bado ananingoja. Nikamtajia herufi zote saba, mojamoja. Alipokosea ya tatu, nikamwambia aanze upya.