Kichwa Juu ya Mizani

Nilianza kuua watu kwenye daftari kwa sababu ya jenereta. Banda la video la mtaa wetu hapa Kasongo lilikuwa na jenereta moja mbovu, nayo ilizoea kuzima sinema ikikaribia kwisha. Tulimwacha akteri, ndivyo tunavyomwita huku mpiganaji mkuu wa sinema, amezungukwa na maadui, tukarudi nyumbani tunagombana nani kafa na nani kapona. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, nina kalamu, nina madaftari, na nina ulimi mchafu. Nikaanza kuandika miisho ambayo hatukuiona.

Baada ya muda miisho haikunitosha. Nikamhamisha akteri kutoka kwenye sinema yake, nikamleta aishi Kasongo, nikamnunulia baiskeli, nikawa namlisha wali na kumwachia achinje apendavyo. Damu niliimwaga bila kipimo. Utumbo wa adui mmoja ulifunga magunia ya mchele kwenye baiskeli kutoka hapa mpaka Kabambare bila kukatika, na akteri akausifu kuliko kamba za dukani. Mkono wa mwingine, uliokatwa begani, ulibaki umenyooka kwenye kizuizi cha barabarani unaomba kitu cha kahawa, na wapita njia wakaendelea kuupa kwa mazoea. Madaftari yalizunguka mtaa mzima na kunirudia yana madoa ya mawese, na kila aliyeyarudisha alikuwa na adui wa kunipendekezea.

Mgeni angeshangaa tulichekaje, sisi tuliokimbia nyumba zetu mara ambazo hatuzihesabu tena. Kwenye daftari langu, aliyekatwa kichwa analalamika, anatukana, anadai arudishiwe kiatu chake. Wale tuliowaona kwa macho yetu, njiani, hawakusema kitu.

Msikilizaji wangu mkubwa alikuwa mama mmoja mjane, jirani yangu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Alikaanga mandazi barazani kila alasiri. Kurani aliisoma vizuri kuliko wanaume wengi wa msikitini, lakini herufi za shule hakuzijua, kwa hiyo nilimsomea mimi, nimekaa kwenye kigoda karibu na karai. Alicheka vibaya sana yule mama. Mara ngapi mandazi yaliungua kwa sababu yangu, na wateja wakala hivyo hivyo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma. Huyo alikuwa mchimbaji wa dhahabu, upande wa Wamaza, na alikuwa ameoa binti mdogo ambaye alimwacha akikaa na mama huyu. Alipokuja likizo ya mwisho aliniomba daftari la tatu akawasomee wenzake machimboni. Nikampa, kichwa kimenivimba kwa sifa. Katika daftari lile akteri anamkata kichwa mkubwa wa majambazi na kukiweka juu ya mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Mnunuzi anakipuliza vumbi, anasema ni kikubwa lakini chepesi, ndani hamna kitu. Kichwa kinafumbua macho na kuanza kubishana bei. Niliipenda sana sehemu hiyo, kuliko yote niliyoandika.

Miezi mitatu baadaye, alasiri, pikipiki ilimshusha kijana mbele ya baraza ya mama. Alitoka machimboni, mkono wake umefungwa kipande cha kitenge. Alikaa chini, hakutaka maji. Akaeleza kwamba watu wenye silaha waliingia machimboni asubuhi moja, kila mtu akakimbia, lakini mtoto wa mama alirudi kumvuta mwenzake aliyekuwa ndani ya shimo. Wakamshika, wakamkata kwa panga. Kisha wakaingia kwenye kibanda cha mnunuzi, wakaweka kichwa chake juu ya mizani, wakacheka. Shimo walimoutupa mwili lilibomoka na mvua ya siku ile ile. Kijana alisema yote hayo akiangalia sakafu.

Yule binti alikuwa mlangoni na bakuli la unga, akakaa chini pale pale. Mama peke yake hakubadilika. Aligeuza mandazi, akayatoa, akachuja mafuta, halafu akanitazama mimi.

“Mwalimu,” akasema, “ile ya kichwa juu ya mizani, haiko weye uliandika?”

“Ni miye, mama.”

“Basi,” akasema, akashusha pumzi.

Akamgeukia kijana bila hasira. Akamwambia kwamba mtoto wake amependa mizaha tangu zamani, na kwamba wamesoma daftari huko pamoja wakaona waje wamjaribu mwanamke mzee. Akamfungia mandazi sita kwenye karatasi, awapelekee. Kijana hakuyapokea. Alikuwa ananiangalia mimi, anangoja niseme kitu kingine, na mimi nikaangalia karai. Aliondoka na pikipiki ile ile.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilinyamaza kwa huruma. Ni uongo. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa swali la pili: wale watu walijifunza wapi? Daftari langu lilisomwa kwa sauti machimboni, na machimboni hujui nani amekaa karibu yako anacheka, leo anachimba na wewe, kesho ana bunduki. Au labda hawakusikia chochote, maana mtu mwenye panga, na mizani iko mbele yake, hahitaji mwalimu. Sitajua kamwe. Nililoongeza siku ile ni woga wangu tu, na ndio ulioharibu kila kitu.

Kesho yake habari ilizagaa kwamba kijana kutoka machimboni amekuja kumsomea mama daftari la mwalimu. Watu walicheka. Shehe alipokuja na wazee wawili, wapange kuswali sala ya maiti asiyekuwepo, mama aliwapokea kwa heshima, akawaandalia chai, akawaambia mtu aliye hai haswaliwi. Shehe akamtafuta shahidi. Shahidi alikuwa amekwisha kwenda, hakuna aliyejua jina la baba yake. Wakatuma watu Kabambare na Wamaza, wakarudi na maneno ya kusikia. Simu ya mtoto haikuita. Hapakuwa na mwili, na shahidi pekee mji mzima ulikuwa umeshamwita mtunga hadithi, kwa neno langu.

Basi hapakuwa na kifo. Hapakuwa na matanga, wala hitima, wala arobaini. Na kwa yule binti hapakuwa na eda. Mwanamke wa kwetu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, halafu anatoka, anaoga, anavaa nguo yake, na maisha yanamruhusu aendelee. Yeye hakuanza hata siku ya kwanza. Ndugu zake walikuja kumchukua, mama akawauliza wanamchukuaje mke wa mtu. Wakarudi kwao. Kila siku mama humwambia atenge sahani ya mumewe, naye hutenga.

Mwaka wa pili yule binti alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Alisimama kwenye mlango wa darasa mpaka watoto walipotoka wote.

“Mwalimu,” akasema, “siombi kitu. Umuambie tu mama kweli.”

Nilikwenda alasiri hiyo hiyo. Mama alikuwa na kijiko cha matundu mkononi, binti anakanda unga nyuma yake. Nilibaki nimesimama. Nikamwambia kichwa juu ya mizani ni changu, hilo kweli, nililitunga mimi nikiwa nimeshiba. Lakini kijana yule hakusema uongo hata neno moja. Nikamwambia mtoto wake alikufa, alikufa kwa sababu alirudi kumsaidia mwenzake, na mimi nilijua siku ile ile nikanyamaza. Nikamwomba anisamehe. Nikalia mbele yao, mtu mzima, na ilikuwa mara ya kwanza kumlilia yule niliyemfundisha kusoma.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akaweka kijiko chini, akacheka. Alicheka kwa furaha, akajipangusa macho na ncha ya kitenge, akamgeukia mkwe wake.

“Unamusikia?” akamwambia. “Safari hii ata machozi anatia.”

Binti aliosha mikono, akaingia ndani, nikasikia kifuniko cha sufuria na sahani ikiwekwa juu ya meza. Mwaka huu ametimiza miaka ishirini na mitatu.