Fundi Viporo na Masikio ya Mkewe

Walimwita Fundi Viporo kwa sababu hakuna aliyewahi kumpelekea kitu kipya. Vilivyofika mezani kwake vilikuwa vimekwisha lala: printa za utepe zinazokwaruza karatasi kama panya darini, skana zenye vifuniko vya kupigwa gundi, kibodi ambazo herufi zake zilifutwa na vidole vya watu waliokwisha staafu. Wenye mali walikuja na hadithi ileile. Mashine ilikuwa nzima hadi juzi, kisha kompyuta ikabadilishwa, au ikajibadilisha yenyewe bila kumuuliza mtu, na tangu hapo kompyuta na mashine hazijuani.

"Nzima hii, fundi. Haijaanguka, haijalowa."

"Naiona. Kosa si lake. Kaletewa bosi mpya asiyetaka kumjua."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya shule, chembamba, chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Kebo zilining'inia kwenye misumari kwa koo zake: zenye vichwa vipana upande huu, zenye vichwa vya mviringo upande ule, na chini yake debe la adapta alizokusanya tangu siku alipoacha kutengeneza taipureta kwa kukosa wa kumletea. Watu walidhani ni mtu makini. Alikuwa mwoga tu, lakini woga wake ulivaa nguo za umakini na hakuna aliyewahi kuuvua. Kabla ya kuwasha kitu alikinusa. Swali likijitokeza kwenye kioo cha kompyuta alilisoma, akaondoka, akarudi kulisoma tena, ndipo akabonyeza. Mashine mbili za aina moja zikija pamoja alishughulikia moja na kuiacha nyingine pembeni bila kuigusa. Hiyo ya pembeni aliiita shahidi.

Lakini zaidi ya yote aliogopa kuandika. Kusoma kilichomo ndani ya mashine hakuui, bali kuandika upya kumbukumbu yake kunaweza kuua. Kazi hiyo ikikatwa katikati, mashine hubaki na nusu ya akili ya jana na nusu ya akili ya leo, na haiamki tena. Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya kukatika ghafla na kurudi kwa hasira. Kwa hiyo kila alipotaka kuandika, alijaza betri ya laptopu, akachomoa waya wa ukutani, ndipo akaanza. Alifanya hivyo kwa miaka, kwenye kompyuta za zamani, na hakuwahi kujuta.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na masikio yake yalikuwa yakimwacha polepole kama wageni wanaoaga mmoja mmoja. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba, za ndege na kengele za baiskeli. Kisha maneno ya watu walio nyuma yake. Alivaa vifaa viwili vya kusikia, rangi ya karanga, ambavyo kiwanda chake kilikwisha sahau kama kiliwahi kuvitengeneza.

"Hata masikio yangu ni viporo," alimtania mumewe. "Ndiyo maana hukuweza kunipita bila kunichukua."

Halafu mtoto mmoja akabanwa kidole na mlango wa darasa. Alilia, na wenzake wakalia kwa kumwona analia, na mwalimu alikuwa amewapa mgongo akichora tembo ubaoni.

"Nilikuwa namalizia mkonga," alimwambia mumewe jioni ile, akiwa bado na chaki kwenye mkono wa gauni. "Nikageuka nimefurahi, baba watoto. Nikawauliza, haya, huyu ni mnyama gani?"

Kidole kilipona. Mwalimu mkuu hakumkemea, na hilo ndilo lililomtisha. Alimletea tu mwalimu mwingine darasani, "wa kusaidiana", aliyekaa mlangoni na kuangalia.

Mpimaji wa masikio hospitalini alimfungia kwenye kile chumba kisichopitisha sauti, akamtoa, akamwambia ukweli. Usikivu umeshuka tena. Vifaa bado vina nguvu ya kutosha, vinahitaji kupandishwa tu. Lakini kuvipandisha kunapitia kiboksi kimoja cha zamani chenye plagi pana, na programu ya zamani inayokiongoza. Hospitali ilipobadilisha kompyuta zote kuwa za mfumo mpya, kiboksi kikaingia kabatini.

"Vipya vya nguvu hii tumeagiza," alisema mpimaji. "Vitafika lini, mwalimu, nisikudanganye, sijui."

"Mume wangu ndiye fundi wa vitu vya kabatini," alijibu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia akisema, na foleni nzima nje ikageuka.

Ndivyo kiboksi kilivyofika nyuma ya duka. Adapta ya kwanza kompyuta iliikana. Ya pili iliikubali, lakini ikalipa tundu lake namba ambayo ile programu ya zamani haikuweza kuifikia. Ilizaliwa enzi za kompyuta zenye matundu manne ya namna ile, na hesabu yake iliishia hapo. Akabadilisha namba. Programu yenyewe ikagoma kufunguka ndani ya mfumo mpya, basi akaujenga mfumo wa zamani ndani ya mpya, kompyuta ndani ya kompyuta, kama chumba cha bibi kilichoachwa vilevile katikati ya nyumba iliyokarabatiwa. Mpimaji alimletea kifaa cha kujaribia, cha aina ileile, kilichokufa spika lakini kumbukumbu yake nzima. Siku hiyo betri ya laptopu ilikuwa tupu, hivyo alifanya kazi waya ukiwa ukutani. Kikasomeka. Kikaandikika. Kikasomeka tena.

Hakufurahi. Kazi iliyokubali upesi hakuiamini.

Jumamosi mchana walikuja wote wawili, mpimaji na mkewe, wakabanana kwenye benchi chini ya kebo. Taa ilikuwa ikicheza tangu asubuhi, ikififia na kurudi.

"Unatetemeka," mkewe alimwambia.

"Ni feni."

"Feni iko kwangu, mzee."

Alimwomba kifaa cha kushoto tu. Cha kulia kibaki sikioni, kiwe shahidi. Akakifunga kwenye waya mwembamba wa kiboksi, taa nyekundu ya kiboksi ikawaka, programu ikakisoma na kuonyesha michirizi ya sauti kama vilima. Mpimaji akainua vilima vile kimoja kimoja kwa kidole chake, pole kwa pole, akitazama karatasi ya vipimo.

"Tayari," alisema. "Andika."

Fundi akanyoosha mkono na kuchomoa waya wa ukutani.

"Juzi hukuchomoa," mpimaji alisema.

"Juzi hakikuwa cha mke wangu."

Akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulifika katikati, ukapita katikati, ukasimama. Alingoja. Wakati mwingine husimama, alijiambia, huvuta pumzi. Kisha akaona kwamba taa nyekundu ya kiboksi haiwaki tena, na kwenye kioo pakajitokeza maneno ya upole kabisa: kifaa hakipatikani.

Alijua kabla ya kutafuta. Laptopu, ilipoona imenyang'anywa umeme wa ukutani, ilianza kubana matumizi. Ikazunguka kama mama mwenye nyumba anayezima taa za vyumba visivyo na mtu, ikafika kwenye tundu la adapta, ikakuta kimya cha nukta moja, ikalizima. Mifumo aliyozoea haikuwa na bidii hiyo. Mpya huu ulifanya hivyo kwa nia njema. Na yeye ndiye aliyeuita, kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu safari hii aliogopa zaidi.

Alichomeka waya, akaliamsha tundu, akaiita programu. Programu iliona kiboksi. Mwisho wa waya haikuona kitu. Mpimaji akabadilisha betri ndogo ya kifaa, akafunga kijimlango chake, akakisikiliza kwa mrija wake wa kusikilizia. Akatikisa kichwa. Fundi akakichukua, akakitia kwenye sikio lake mwenyewe. Hapakuwa na mvumo, wala mluzi. Ilikuwa kama kutia kokoto sikioni.

"Kimekufa?" mkewe aliuliza.

Alimgeukia upande wa kulia ili amsikie. "Kimekufa. Nimekiua mimi."

Hakulia. Aligusa sikio tupu kama mtu anayepapasa kama hereni bado ipo. "Haya," alisema. "Umejua kilichokiua?"

Alimwonyesha. Ndani kabisa ya mipangilio, kurasa nne chini, kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo chenye alama ya vema: kompyuta inaruhusiwa kuzima tundu hili. Aliifuta alama. Akafunga tena kifaa cha kujaribia, akachomoa waya wa ukutani, akaandika. Mstari ukafika mwisho. Akarudia, ukafika. Akaacha kifaa kikae kimya kitambo kirefu, huku mpimaji akitazama taa nyekundu na fundi akishindwa kuitazama, akarudia. Ukafika.

"Basi, tatizo limekwisha," mkewe alisema. "Fanya hiki cha kulia."

"Sikigusi."

"Umeshalijua tatizo."

"Nimelijua hilo moja. Asubuhi hata hilo sikulijua." Alikuwa akiongea kwa sauti ya juu, na sauti ikampasuka. "Hiki ndicho kilichobaki, mama watoto. Kikienda hiki, jiko likishika moto nyuma yako hutajua. Mtu akigonga mlango hutajua. Nitakuita kutoka chumba cha pili kama mwendawazimu. Tungoje vipya."

Mkewe akamtazama mpimaji. "Vinakuja lini?"

"Mwalimu, jibu langu ni lilelile."

"Na wewe ungefanyaje?"

Mpimaji alikunja karatasi ya vipimo, akaikunjua. "Ningeogopa kama yeye. Siwezi kuwaamulia."

"Sikiliza, mzee." Alisogea mpaka magoti yao yakagusana. "Siku ile mtoto alipolia, nilikuwa navyo viwili, na vyote vizima. Sikumsikia. Sasa ninacho kimoja, cha nguvu ileile. Unanilindia nini? Hiki unachoogopa kukiua, kwangu kimeshaanza kufa. Jumatatu nitasimama mbele ya wale watoto na sikio moja lisilotosha, na yule wa mlangoni ananitazama. Miguu itanitetemeka kuliko mikono yako hiyo."

"Mpe mwingine aanze. Hospitali ina wagonjwa."

"Nimpe mwingine aje auliwe sikio kwa ajili yangu? Una maneno wewe."

"Sitaki," alisema. "Sitaki, na neno langu ni hilo."

Mkewe akapandisha mkono, akang'oa kifaa cha kulia, akamtia kiganjani na kumfunga vidole kimoja kimoja juu yake.

"Bisha sasa," alisema kwa sauti kubwa mno, mpaka dukani mtu akachungulia. "Bisha mpaka uchoke. Sisikii."

Kikabaki na joto lake mkononi mwa fundi. Mpimaji alitazama pembeni.

Alikifunga kwenye waya. Alikagua kile kisanduku, akakikagua tena. Waya wa ukutani ulikuwa umelala sakafuni, na kwa muda hakujua afanye nini nao: akiuchomeka, kuna umeme ule unaocheza; asipouchomeka, kuna tundu lile lililolala. Mbele yake hakuwa na shahidi tena, isipokuwa mwanamke aliyekaa na mikono mapajani, akitazama midomo. Akauacha sakafuni. Akabonyeza.

Na mstari ulipoanza kutambaa alianza kusema na mkewe, akiwa amempa kisogo asimsome midomo. Alimwambia kwamba anaogopa kila asubuhi anapomwona akivuka barabara. Kwamba kuna siku anamwita kwa nyuma makusudi, taratibu, kupima, na asipogeuka yeye hukaa chini kwanza. Kwamba hajui ataishi vipi na mtu asiyemsikia, na anaona aibu kwamba katika yote hayo anajililia yeye. Mpimaji, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, aliinamisha kichwa.

Mstari ulipita katikati. Hapo feni ikasimama, taa ikazimika, na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja, redio na mashine za kusaga zikikatwa neno mdomoni. Chumba kikawa na mwanga wa kioo tu, na chini yake nukta moja nyekundu. Fundi aliweka viganja pande mbili za kiboksi bila kukigusa, kama anayekinga mshumaa. Mkewe aliona giza, akaona mabega yake, akashika nguo yake kwa nyuma.

Mstari ukafika mwisho. Hakuamini. Akakisoma kifaa upya, na vilima vikajitokeza virefu, vilevile kama alivyoviinua mpimaji. Mpimaji alikisikiliza kwa mrija, akaruka kidogo, akauondoa haraka sikioni.

"Kikali," alisema. "Tumvalishe."

Alimvalisha yeye mwenyewe, kwa mwanga wa kioo, maana mikono ya fundi haikufaa tena kwa kazi ndogo. Mwalimu alifumba macho. Alikaa hivyo, kichwa kimeinama upande. Fundi alitaka kumwuliza akaogopa jibu.

"Mbona unahema hivyo?" mkewe alisema.

"Nani?"

"Wewe. Unahema kama umekimbizwa na mbwa." Alifumbua macho, yakatafuta uso wake gizani. "Ndivyo unavyohema siku zote?"

Fundi alibana pumzi, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa bila nguo, akaibana mpaka kifua kikamuuma.

"Na sasa umeacha kabisa," alisema mkewe, na mkono wake ukampanda mgongoni, ukampiga kofi dogo kati ya mabega. "Hema, mzee. Usinifie hapa."