Mstari wa tisa umekataa kuugua

Wenzangu wa bwenini, nabandika hii ubaoni haraka.

Leo nimeitwa mvivu mbele ya maharage.

Mnajua tulivyopaka majani maji ya mmea wenye virusi, mstari kwa mstari, tukitafuta mbegu inayohimili ugonjwa, na kila jani lililopakwa tukalifunga uzi mwekundu. Wiki tatu sasa, mistari yote imekunjamana na kujaa mabaka.

Wa tisa tu ndio kijani, unapendeza.

Mtafiti wetu mkuu akasema nimeuruka. Akasema Jumatatu narudi kwetu Iringa.

Nyuma yake Mama Tuli, mpalizi wetu, ameinama anachuma. Kanga imejaa majani machanga ya mstari huohuo. Mboga yake ya mchana, jamani.

"Mama, unaniharibia jaribio," mkuu akafoka.

"Nimechuma ya juu tu," akajibu taratibu kabisa. "Ya chini yana uzi wa huyu mwanangu. Mimi sipiki uzi."



Mkuu akapiga magoti kwenye tope, akafunua majani ya chini, akahesabu nyuzi. Zote zipo. Mstari ulipakwa, na umekataa kuugua. Akanikumbatia na tope lake lote.

Sasa anataka mbegu zaidi za mstari huo, leo hii.

Nishaurini, andikeni hapa chini. Mbegu za stoo ziliishia mstari wa nane. Wa tisa nilipanda maharage aliyonifungia mama yangu kule kwetu Ipogolo.

Yaliyobaki tuliyala jana, mkasifia mchuzi.