Jina la Profesa Kwenye Ukuta Wangu

Shemeji yangu, mume wa dada, aliandika jina lake kwenye ukuta nilioupaka mimi. Nilikaa siku kumi na tisa juu ya ngazi ndani ya zahanati, nikichora akina mama na watoto wao kuanzia mlangoni hadi dirisha la dawa. Yeye ni mwandika mabango, watu humwita Profesa. Alikuja siku ya mwisho kuandika maneno waliyotaka wenye zahanati, akaongeza na jina lake, herufi nene kama mikate. Mimi sikusoma, herufi sizijui. Niliona maandishi yamependeza, nikamshukuru! Nikampa na chai.

Binti yake ndiye aliyenifungua macho. "Mama mdogo, mbona hapa pana jina la baba?"

Nikamfuata Profesa. Akacheka. "Shemeji, sisi si wa nyumba moja? Jina langu, jina lako, tofauti iko wapi?"

"Basi andika langu."

"Aa, ukuta umeshakauka."

Kazi hii nimeianza mbali. Nilianza na mkaa kwenye ukuta wa jikoni kwa mama, nikachapwa, nikafuta, nikachora tena. Ng'ombe wangu wa kwanza wa bucha alitoka anatabasamu, mwenye bucha akalalamika kwamba wateja wanamwonea ng'ombe huruma, wananunua maharage. Kwenye saluni nilimchora bibi harusi mrefu kuanzia nywele, ukuta ukaisha magotini. Tangu siku hiyo naanza na nyayo. Karatasi ya mchoro naikunja vyumba vyumba, kisha napaka kamba chaki, naivuta na kuipiga ukutani iache mistari ya vyumba vile vile vikubwa, kila chumba kinapata haki yake.

Profesa hayajui hayo. Kwa hiyo muuguzi mkuu alipotangaza mbele ya wagonjwa kwamba fundi aliyechora ndani amchore na yeye, mzima mzima, kwenye ukuta wa nje, macho yote yalimgeukia mwenye jina. Angekataaje?

Alipanda ngazi asubuhi, bila kamba, akaanza na kofia. Kufika adhuhuri uso umekuwa mkubwa kama tangi la maji. Alipomaliza kifua, ukuta umebaki urefu wa mkono mmoja tu kufika chini. Akavibana viatu hapo hapo chini ya mkanda.

Muuguzi mkuu akatoka kujiona. "Huyu amekaa au amezama?"

"Amezama!" akajibu muuza maji. "Leteni kamba!"

Benchi zima likalipuka. Mzee mmoja aliyetoka kupasuliwa alishika tumbo: "Jamani nyamazeni, nyuzi zangu zinafumuka!" Mimi nilicheka hadi nikakaa kwenye ndoo ya rangi, mfuniko ukazama nami. Nikainuka na makalio ya kijani, bado nacheka.

Profesa akaita kutoka juu: "Shemeji! Njoo basi unisaidie miguu!"

Muuguzi mkuu akanitazama, akamtazama. "Kumbe fundi ni nani hapa?"

"Tunasaidiana," akasema.

"Sema vizuri, Profesa," nikamwambia. "Ngazi haing'ati."

Akashuka, akasema anasikia kizunguzungu, akachukua kadi na kupanga foleni ya daktari. Wallahi, alipanga foleni!

Nikaupaka ukuta chokaa, nikamchora muuguzi mkuu kuanzia viatu, kwa siku nne. Ametosha, na nafasi ya kupumua imebaki. Pembeni lipo jina langu. Binti wa dada aliniandikia kwenye karatasi, nikalichora kama ninavyochora sikio au kidole.

Lakini ndani, lile la shemeji bado lipo. Silifuti mimi. Ananidai nini hata nimfichie aibu? Yeye ndiye nimdaiye: aje asubuhi mabenchi yakiwa yamejaa, alifute kwa mkono wake, na aseme kwa sauti kazi ile ni ya nani. Na dada yangu, anayejua kusoma vizuri, alisimama kando yetu siku ile, akalisoma jina la mumewe, akanimiminia chai nimpelekee. Huyo ninamdai samahani, na hajaileta.